Walijitenga, au Tuliwatenga?

Somo: 1 Wafalme 21:1-16, Mathayo 11:16-19



Jumapili ya juzi dada mmoja wa ushirika wetu alinisimamisha langoni baada ya ibada. Alisema karibu na kwao kuna mama mzee anayeishi peke yake. Hasalimii mtu, mlango wake umefungwa mchana kutwa, na majirani wameanza kusema maneno. "Sasa mzee, tumwombee au tumwache tu?" Mimi nilikuwa na haraka, makanga alikuwa anaita, nikamjibu: mwombeeni. Nikapanda matatu. Kabla hatujafika daraja la Nyali nilikuwa nimeshajua kwamba nimejibu vibaya. Nilijua kwa sababu ya jambo ambalo sijawahi kulishuhudia madhabahuni, ingawa shuhuda nimetoa nyingi, hata zile ndogo za kupata kazi na kupona tumbo.

Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, upande wa bara, kule ambako mvua ikikosa misimu miwili watu huanza kuulizana nani ameifunga. Mwaka wa 2006 nilikuwa na miaka 22, nimeokoka miaka miwili, na moto wangu ulikuwa wa kuchoma msitu. Kanisa letu lilikuwa la mabati, watu kama 60 tukijaa. Kati yetu walikuwamo kina mama wawili wazee, ndugu wa tumbo moja. Mkubwa alikuwa mjane na watoto wake wote alikuwa amewazika. Mdogo aliolewa akarudishwa kwao kwa kukosa mtoto. Waliishi pamoja kwenye shamba la marehemu baba yao, mwisho kabisa wa kijiji, penye mikorosho na miembe. Kaka yao aliyekuwa akiwatetea alipofariki, wakabaki na watoto wa kaka. Hao walikuwa vijana wakubwa, hawana kazi, na ardhi ya pale ilikuwa imeanza kutafutwa na watu wa mjini.

Habari ya ardhi nimeitaja mapema kwa makusudi, kwa maana wakati ule hakuna aliyeitaja.

Kilichotajwa ni mtoto. Mtoto wa jirani alishikwa na homa Jumatatu, Jumatano akafa. Zahanati ilikuwa mbali na pesa ya gari haikuwepo. Lakini matangani mtu akakumbuka kwamba yule mama mdogo alimbeba mtoto huyo mwezi uliopita, akamsifu kwamba amenenepa vizuri. Basi. Jumapili iliyofuata, benchi lao lenye nafasi ya watu 5 lilikuwa na watu 2. Hakuna aliyetangaza wala kuamuru. Kila mtu alipata sababu yake ya kukaa kwingine, mimi nikakaa karibu na dirisha kwa sababu ya joto.

Desemba ikawa sadaka ya mavuno. Wale kina mama walileta kikapu cha maembe ya ngowe, yaliyoiva barabara, harufu yake imejaa kanisa zima. Desturi yetu ilikuwa vitu vya mavuno vinadiwe baada ya ibada. Kuku walinunuliwa, mahindi yakanunuliwa, hata mkungu wa ndizi ulioanza kuoza ukapata mtu. Kikapu cha maembe kilibaki pale mbele mpaka watu wakatoka, na wenyewe wakatoka wakikiangalia. Mzee mmoja wa kanisa akaniita kando. "Kijana, chukua yale ukayamwage shimoni. Usiyaguse na mikono mitupu."

Nikafunga mikono kwa gunia, nikabeba. Nyuma ya choo, kabla ya kuyamwaga, nikasimama. Tulikuwa tumefunga tangu jana yake na njaa ilikuwa inauma. Nikachukua embe moja nikalila. Lilikuwa tamu. Nikala la pili. Nikanawa mdomo kwa maji ya pipa, nikarudi ndani kupanga mabenchi. Mzee akaniuliza, "Umeyamwaga yote?" Nikasema ndiyo.

Wapendwa, hapa ndipo naomba mnisikize vizuri. Mtu anayeamini kweli kwamba embe lina uchawi halili hata akifa njaa. Mimi nililila. Kwa hivyo mimi sikuamini. Ndani yangu hukumu ilikuwa imeshatolewa, kwamba hawa kina mama hawana hatia yoyote, na ushahidi ulikuwa tumboni mwangu. Wengine pale kanisani labda waliogopa kwa dhati, na mtu anayeogopa kwa dhati ana kisingizio fulani. Mimi sina. Nilikuwa najua, nikanyamaza, kwa sababu kijana anayesema "mimi nimeyala na sikudhurika" angeanza kukaliwa mbali na yeye.

Walikuja Jumapili mbili zaidi, kisha wakaacha. Tukasema, mnaona? Wamekimbia nguvu za Mungu.

Baada ya hapo kila walichofanya kiligeuka ushahidi. Watoto waliwarushia mawe njiani kwenda silangani, kwa hivyo wakaanza kuteka maji usiku. Tukasema, wanatembea usiku. Waliziba ua wao kwa miiba ili mbuzi na vijana wasiingie. Tukasema, wanaficha kitu. Macho yao yalikuwa mekundu. Nani kijijini kwetu hana nyanya mwenye macho mekundu, akiwa amepika kwenye mafiga na kuni mbichi miaka 60? Lakini ya kwao hayakuwa ya moshi. Nywele zao zilikuwa nyeupe. Ninyi mliotoka kule mnajua kwamba kuna wazee Kilifi wanaopaka nywele rangi nyeusi, na si kwa urembo. Wanaogopa mvi zao wenyewe. Kitabu cha Mithali kinaziita mvi taji, nasi tumefika mahali mzee anaificha taji yake kama mtu aliyeiba.

Hebu fungua Mathayo 11. Yohana Mbatizaji aliishi nyikani, mbali na watu, hali mikate yao wala hanywi divai yao, wakasema ana pepo. Yesu akaja akala nao na kunywa nao, wakasema ni mlafi, ni rafiki wa wenye dhambi. Nilisoma mistari hiyo miaka mingi nikidhani inahusu Mafarisayo. Sasa naona inahusu benchi la watu 5. Yule mama mdogo alipomkaribia mtoto na kumsifu, ilikuwa uchawi. Alipokaa mbali, ilikuwa uchawi. Mashtaka ambayo hakuna tendo linaloweza kuyakanusha hayatokani na tendo. Yalikuwepo kabla, yanatafuta tu pa kukaa.

Na Mithali 18:1 ilitumiwa. Nakumbuka ikisomwa kwa sauti kubwa, kwamba mtu anayejitenga na wenzake anafuata tamaa zake mwenyewe. Neno ni la kweli. Lakini linamhusu anayeondoka kwa watu wanaomtaka. Mwenye ukoma katika Walawi 13 anakaa nje ya kambi, na hakuna mwenye akili atakayemsomea Mithali 18. Kabla ya kumhukumu mtu kwamba amejitenga, ni haki kuuliza nani aliyesogea kwanza kwenye benchi.

Sasa nije kwenye maombi, maana swali la yule dada lilikuwa la maombi.

Mtoto mmoja wa kaka yao, ambaye hatukuwahi kumwona kanisani, alikuja ibada ya Ijumaa. Alilia. Alisema ukoo wao umefungwa, hapati kazi, haoi, na akataja majina ya shangazi zake wawili. Kanisa likaguswa. Tukatangaza kufunga siku 3, na asubuhi ya siku ya nne tukaenda kuzunguka ule ua wa miiba, mara 7, kama Yeriko. Kipaza sauti cha betri nilikibeba mimi. Tulikemea, tulivunja, tuliteketeza kwa moto wa Roho Mtakatifu. Mchungaji alipomaliza na sisi wote tukasema Amina, kutoka ndani ya nyumba sauti moja ya mzee nayo ikasema Amina.

Tukasema wanatudhihaki.

Someni 1 Wafalme 21 polepole. Ahabu anataka shamba la mizabibu la Nabothi, Nabothi anakataa kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Yezebeli hatumi askari. Anaandika barua, na jambo la kwanza anaagiza ni nini? Watu watangaze kufunga. Kufunga, wapendwa! Kisha Nabothi aketishwe mbele ya watu, watu wawili wasiofaa wamshuhudie kwamba amemtukana Mungu, halafu apigwe mawe. Yote yakafanyika kwa utaratibu, kwa saumu, kwa mashahidi wawili kama sheria inavyotaka, na mwisho wa yote Ahabu akashuka kulimiliki shamba. Wazee wa mji ule hawakupata hata mzabibu mmoja. Walitumika bure.

Sisi watu wa Kilifi hatuhitaji kuhubiriwa sana kwamba kufunga kunaweza kugeuzwa kisu. Shakahola ni yetu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule kuanzia 2023, ya watu walioambiwa kwamba njaa ni njia ya kumwona Yesu. Pale Yezreeli saumu ilimuua mtu ambaye hata hakuwa ameipanga. Kumbe saumu si takatifu kwa kuwa ni saumu. Inategemea imefungwa kwa ajili ya nini, na mwisho wake nani anapata shamba.

Najua mtu ataniambia, lakini mzee, sisi tuliomba tu, hatukumgusa mtu. Hilo nililisema mwenyewe miaka 10. Wacha niseme ninavyoliona leo. Maombi husikiwa mara mbili. Yanasikiwa na Mungu, ambaye anajua lipi ni kweli na lipi ni chuki, na hawezi kudanganywa na kipaza sauti. Na yanasikiwa na watu waliosimama pale. Mungu hahitaji umtajie jina na ua wa mtu ndipo ajue pa kwenda. Ukitaja, unawatajia watu. Maombi yetu yalikuwa na anwani, na pembeni ya njia walikuwa wamesimama vijana ambao hawakuwa wamefunga wala kuokoka, wanasikia kwamba nyumba ile inapaswa kuteketea kwa moto. Wao hawakujua habari za moto wa Roho Mtakatifu. Walijua kiberiti.

Miezi minne baadaye, usiku, paa lao la makuti lilishika moto. Nasema lilishika kwa sababu hakuna aliyeshtakiwa. Wao hawakufa. Walikuwa silangani, wanateka maji. Kile kile tulichokifanya ushahidi ndicho kilichowaokoa. Kulipopambazuka naibu wa chifu aliwapeleka kwa binti wa dada yao mwingine, mbali sana, na nusu ya shamba iliuzwa kabla mwaka haujaisha. Yule kijana aliyelia kanisani hatukumwona tena.

Hawa wawili walikuwa na bahati. Mei 2008 huko Kisii watu 11, wengi wao kina mama wazee, walichomwa wakiambiwa ni wachawi. Oktoba 2021, Marani, Kisii hiyo hiyo, wanawake 4 wakauawa kwa shutuma hiyo. Kwetu Kilifi wazee wameuawa mwaka baada ya mwaka, mara nyingi kwa panga usiku, na ukichunguza sana unakuta shamba na watoto wa ndugu. Kule Ganze, Kaya Godoma, wamepewa makao wazee waliokimbia watu wa nyumbani kwao. Yaani mzee wa miaka 80 anakuwa mkimbizi wa wajukuu zake. Na mjue pia kwamba Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ambayo ipo tangu 1925, haimkamati tu anayejifanya mchawi. Kumwita mwenzako mchawi hadharani, bila kupeleka habari kwa wenye mamlaka, nalo ni kosa. Wengi wetu tunalifanya kila kesha.

Mimi siandiki haya kusema uchawi haupo. Paulo anautaja katika Wagalatia 5:20 miongoni mwa matendo ya mwili. Lakini angalia umekaa na majirani gani katika orodha ile. Uko pamoja na uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina. Siku ile tulipozunguka ua, kama matendo ya mwili yalikuwepo mahali pale, mengi yalikuwa nje ya ua, hayakuwa ndani. Na mwenye kupenda kunukuu Kutoka 22:18 juu ya mwanamke mchawi, nakuomba usiifunge Biblia hapo. Shuka mistari minne tu. Utakuta Mungu anakataza kumtesa mjane yeyote, na anasema mjane huyo akimlilia Yeye hakika atasikia, hasira yake itawaka, na wake za watesaji watakuwa wajane. Juu ya mchawi Mungu alitoa amri kwa waamuzi wa Israeli, kwa mashahidi na uchunguzi, na Kumbukumbu 19 inasema shahidi wa uongo atendewe lile alilotaka kumtendea mwenzake. Juu ya mjane hakungoja mwamuzi. Alisema atashughulika mwenyewe.

Kwa hivyo nimempigia simu yule dada wa langoni. Nimemwambia nilikosea. Asianze na maombi ya kundi, na jina la yule mama lisitajwe katika ushirika wa nyumbani hata kama "ombi". Aende yeye mwenyewe, mchana, watu wakimwona, na mtungi wa maji au kilo mbili za unga, apige hodi. Asipofunguliwa aache mlangoni aende zake, na juma lijalo arudi. Akaniuliza, "Na watu wakianza kunisema na mimi?" Nikanyamaza kidogo kwenye simu. Nikamwambia, watakusema.

Mwaka wa 2019 nilienda kumtafuta aliyebaki. Mkubwa alikuwa ameshafariki. Mdogo nilimkuta kwenye chumba cha uani kwa yule binti wa dada yao, mlango umerudishwa, anachambua mchicha. Nikajitambulisha kwa jina la baba yangu. Nikamwambia Mama, mimi ndiye niliyebeba kipaza sauti, na mimi ndiye niliyepeleka maembe shimoni, na nilikula mawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, au kwa laana, au kwa yale maneno mazuri ya msamaha tunayoyapenda katika shuhuda. Akaniuliza kama silanga lina maji siku hizi. Nikasema kuna bomba sasa. Akasema, "Bomba, eh?" akaendelea na mchicha.

Nikamwuliza kama angependa tumpeleke kanisani, kuna kanisa karibu na pale, nawajua. Akasema hapana, mwanangu, nimezoea kuwa hapa. Hakulisema kwa hasira. Zamani ningemsomea Waebrania 10:25. Sikuweza. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba penye mkutano wa watakatifu hapana nafasi yake, na sioni ni kwa haki gani mwalimu wa somo lile angemlaumu kwa kulishika vizuri. Ikiwa kuna dhambi katika kukaa kwake mbali nasi, basi siku ya hukumu ataulizwa mwingine.

Kuhusu kunisamehe hakusema lolote, nami sikumwuliza tena. Alipomaliza mchicha aliwasha jiko akachemsha chai ya rangi. Akamimina vikombe viwili, akanisogezea kimoja, kisha akageuka kuangalia ukutani, kama mtu anayempa mgeni nafasi ya kukimwaga bila kuonekana.

Nilikunywa. Akaniongeza.